Kisanduku Kinapouliza Namba

Ndugu msomaji, hebu hesabu kwa vidole ni mara ngapi katika juma lililopita uliulizwa namba na chombo kisicho na macho wala masikio. Umenunua umeme, ukabonyeza tarakimu kwenye mita. Umemtumia mama yako fedha za matumizi, ukaandika namba ya simu na kiasi. Umemwandikisha mtoto shule, ukatakiwa kujaza tarehe yake ya kuzaliwa. Kila mara palikuwa na kisanduku kidogo kwenye kioo, kimekaa wazi kikikungoja, na kila mara kisanduku hicho kilikuwa na mamlaka ya kukupokea au kukurudisha nyuma.

Sisi tunaoishi Dodoma tuna sababu ya ziada ya kulitafakari jambo hili. Tangu ulipofanyika uamuzi wa mwaka 1973 wa kuufanya mji wetu kuwa makao makuu ya nchi, shughuli za serikali zimehamia hapa hatua kwa hatua, na leo wizara zina ofisi zake kule Mtumba. Mambo mengi yanayoamuliwa katika ofisi hizo humfikia mwananchi kwa mara ya kwanza katika sura ya fomu iliyo juu ya kioo. Zamani mwananchi alikutana na karani. Leo hukutana na kisanduku. Ni haki basi tujiulize kisanduku hicho kina tabia gani.

Mimi hukifananisha na bawabu. Bawabu amewekwa mlangoni ili asiingie asiyestahili, na kazi hiyo ni ya lazima, kwa maana namba mbovu ikishaingia katika daftari la mashine huzaa namba mbovu nyingine, na kuzitafuta baadaye ni sawa na kuokota mchele uliomwagika mchangani. Lakini bawabu yupo pia kwa ajili ya wageni. Akiwa mjinga atawafukuza wenye haki. Akiwa mkorofi atawafundisha watu kusema uongo ili wapite.

MASWALI YA BAWABU

Swali la kwanza la bawabu huwa ni hili: je, hiki ulichoniletea ni namba kweli? Linaonekana swali rahisi, lakini lina mitego. Mtu aliyeandika herufi O mahali pa sifuri anastahili kusimamishwa. Je, aliyeandika namba ya simu kwa kuacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu, kama sote tunavyoisoma kwa sauti, naye ana kosa gani? Mashine inaweza kuziondoa nafasi hizo yenyewe kwa kufumba na kufumbua, na bado ziko fomu nyingi zinazomkatalia mtu huyo na kumwambia kwamba namba yake si sahihi. Hapo bawabu amemrudisha mgeni kwa sababu ya vumbi la viatuni.

Zaidi ya hayo, si kila kinachoandikwa kwa tarakimu ni kiasi. Shilingi ni kiasi. Huweza kujumlishwa na kutolewa. Namba ya simu si kiasi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Mashine ikiichukua namba ya simu kama kiasi, itaifuta sifuri ya mwanzo, kwa kuwa katika hesabu sifuri iliyo mbele haina thamani, na tarakimu 10 zitabaki 9. Kadhalika alama ya mkato. Sisi huandika 10,000 tukimaanisha elfu kumi. Ndugu zetu wasemao Kiswahili kule Lubumbashi na Bukavu, waliosoma kwa Kifaransa, wamezoea mkato utenge desimali; programu iliyoandikwa kwa desturi hiyo huweza kuisoma 10,000 kuwa kumi tu. Hakuna aliyekosea hesabu. Desturi mbili zimekutana mlangoni, na bawabu anaijua moja.

Swali la pili ni la mipaka: je, namba hii ni ndogo mno au kubwa mno? Chukua mtoto wa miezi tisa aliyepimwa kliniki akaonekana ana kilo 8.5. Mwandishi akisahau nukta, kisanduku kitapokea 85. Bawabu mwema atasema: kilo 85 kwa mtoto wa miezi tisa, tafadhali tazama tena. Swali hilo dogo linaweza kumkinga mtoto na dawa inayopimwa kwa uzito. Lakini hapa pana tofauti ambayo waandishi wengi wa programu huisahau. Liko jambo lisilowezekana kabisa, kama vile uzito ulio chini ya sifuri, na hilo likataliwe. Liko pia jambo la nadra, kama vile mzee mwenye umri wa miaka 104, na hilo liulizwe mara ya pili kisha likubaliwe. Anayeweka kikomo cha umri kuwa miaka 100 amewafuta wazee wetu kabla Mungu hajawaita.

Swali la tatu ni la ushahidi, nalo linapendeza zaidi kwa kuwa unaweza kulijaribu nyumbani pamoja na watoto. Chukua pakiti ya bidhaa dukani, utazame tarakimu 13 zilizo chini ya mistari myeusi. Bidhaa nyingi zilizosajiliwa hapa kwetu huanza na 620, ambayo ni alama ya Tanzania. Tarakimu ya mwisho haikuwekwa kwa bahati. Ni shahidi wa zile 12 zilizotangulia. Zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, ya nne kwa 3, uendelee hivyo hivyo, kisha ujumlishe zote pamoja na ya mwisho. Jumla lazima igawanyike kwa 10 bila baki. Tuchukue namba ya mfano, 6201234567893. Ukiifuata kanuni hiyo utapata 110, nayo inagawanyika. Sasa badilisha nafasi za 5 na 6 zilizo katikati, kama mkono wenye haraka unavyoweza kufanya. Utapata 112, na kosa limejifichua lenyewe. Shahidi huyu hulikamata kila kosa la tarakimu moja, na makosa mengi ya kubadilishana nafasi. Hata hivyo si mkamilifu: tarakimu mbili jirani zinazotofautiana kwa 5, kama 1 na 6, zikibadilishana nafasi, humpita asizione.

MITA NA SIMU

Mita ya LUKU inalo shahidi mwenye nguvu zaidi. Zile tarakimu 20 unazopewa ukinunua umeme zimefungwa kwa siri inayoijua mita yako peke yake, na ndani yake mna hesabu ya kuzihakiki. Ndiyo maana ukikosea tarakimu moja mita hukataa, ukiingiza namba ya jirani hukataa, na ukirudia namba uliyokwisha kuitumia hukataa vilevile, bila kumpigia mtu yeyote simu. Bawabu huyu ni mkali, lakini ukali wake una haki, kwa sababu anaujua ukweli na hana haja ya kukisia.

Hata yeye alifikwa na jambo mwaka 2024. Mfumo wa mita za namna hii unaotumika katika nchi nyingi ulikuwa ukihesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993 ili kuitambua kila namba iliyotolewa. Waliouandika mfumo huo waliitengea hesabu ya dakika nafasi isiyozidi 16,777,216. Kwao ilikuwa namba kubwa sana. Lakini dakika hazichoki kutembea, na nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingesahihishwa kabla ya siku hiyo isingeweza kupokea namba mpya za umeme. Kwa hiyo katika mwaka ule TANESCO iliwataka wateja wake kuboresha mita, nasi tukapewa makundi matatu ya tarakimu 20 kwa mpigo: mawili ya kuirekebisha mita na moja la umeme wenyewe. Tarakimu 60, msomaji wangu, kwa vidole vya mzee, kwenye vitufe vidogo, pengine kwa mwanga wa tochi. Nyumba ngapi hapa mjini ziliona mtoto wa darasa la sita akisoma kwa sauti, nne nne, huku baba akibonyeza! Uamuzi wa mtu aliyepima ukubwa wa kisanduku zaidi ya miaka thelathini kabla ulifika hadi ukutani kwa mwananchi wa Chang'ombe na Kikuyu.

Namba ya simu, kwa upande wake, haina shahidi ndani yake. Ukikosea tarakimu moja, mara nyingi unaipata namba nyingine halali, yenye mwenyewe mwingine. Bawabu atazihesabu tarakimu 10, ataona zimetimia, na atafungua mlango, huku fedha za matibabu ya mama zikielekea kwa mtu wa Kigoma usiyemjua. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia nchini mwaka 2008, dawa bora ya hatari hii imekuwa ile ya kumtajia mtumaji jina la mpokeaji kabla hajaweka namba yake ya siri. Mashine haiwezi kujua ulikusudia kumtumia nani, lakini inaweza kukuonyesha ilichokielewa, kisha ikakungoja. Hilo ndilo swali la nne, na naliona kuwa kubwa kuliko yote: je, ndivyo ulivyokusudia?

Swali hilo lingetufaa sana katika habari ya saa. Sisi huihesabu saa ya kwanza ya mchana baada ya jua kuchomoza. Mtu wetu akiambiwa aandike saa ya kuonana na daktari, naye amepangiwa saa mbili asubuhi, ataandika 2. Kisanduku kinachohesabu kwa desturi ya Kizungu, kuanzia 0 hadi 23, kitaiona 2 kuwa namba njema, iliyo ndani ya mipaka, nacho kitaandika saa nane za usiku. Hakuna kanuni ya mipaka iwezayo kulinasa kosa hili, kwa kuwa kwa mashine si kosa. Lakini kama kisanduku kingejibu kwa maneno, "Saa nane usiku, ndivyo?" hata bibi asiyejua lolote kuhusu kompyuta angecheka na kusema la.

UMRI WA SHANGAZI

Nimeyataja hayo ili nifike kwenye jambo ambalo limekaa moyoni mwangu muda mrefu. Shangazi yangu alizaliwa katika kijiji kimoja upande wa Mvumi. Tarehe yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote, kama ilivyokuwa kwa watu wengi wa rika lake. Hilo halimaanishi kwamba hajui alizaliwa lini. Wagogo walikuwa na kalenda yao, na miaka yake ilikuwa na majina. Njaa kubwa ya mwaka 1917 hadi 1920, iliyokuja baada ya majeshi ya vita vya kwanza vya dunia kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wenye nguvu, iliitwa Mtunya, na wazee waliweza kusema fulani alizaliwa kabla ya Mtunya na fulani baada yake. Shangazi naye ana vigingi vyake. Mama yake alimwambia kwamba alizaliwa wakati watu wanapura uwele. Siku ya Uhuru, mwezi wa Desemba 1961, alikuwa msichana wa kumbeba mdogo wake mgongoni. Watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa wakati wa Operesheni Dodoma, miaka ya 1970 na 1971, alikuwa ameolewa karibuni.

Ukiyaweka maneno hayo pamoja, utapata kwamba alizaliwa kati ya mwaka 1950 na 1954, baada ya mavuno, yaani kati ya mwezi wa Mei na Agosti. Hayo ni maarifa ya kweli, yenye mipaka iliyo wazi. Nilimsindikiza kuandikishwa katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Kijana aliyekuwa mbele ya kompyuta alimsikiliza kwa heshima, akamwita bibi, na mwisho akasema, "Bibi, mashine inataka siku, mwezi na mwaka. Haipokei kati ya." Kisha akaandika 1 Januari 1950. Kisanduku kikaipokea mara moja, kwa sababu ilikuwa na umbo lililotakiwa.

Tazama basi kilichotokea. Maneno ya kweli yalikataliwa kwa kuwa hayakuwa na umbo, na namba isiyo ya kweli ikakubaliwa kwa kuwa ilikuwa nalo. Katika Ugogo hakuna mtu anayepura uwele mwezi wa Januari. Januari uwele ungali mchanga shambani na watu wamo kwenye palizi. Baadaye, alipokwenda mahali pengine kwa ajili ya huduma za wazee, karatasi yake ya zamani ikaonekana imekadiriwa kuwa 1955. Mashine ikasema taarifa hazilingani. Shangazi akapanda basi mara mbili kuja mjini na kurudi, kwa nauli aliyoipata kwa kuuza kuku. Na namba ya kitambulisho cha taifa, kama ujuavyo, ina tarakimu 20, ambazo 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo kisio la alasiri moja limekuwa sehemu ya jina lake mbele ya dola.

Lililoniuma zaidi si nauli. Mwaka jana mjukuu wake alimwuliza alizaliwa lini, naye akajibu, "Januari." Nikamkumbusha habari ya uwele. Akanitazama akasema, "Mwanangu, mashine ndivyo inavyosema."

Wataalamu wa takwimu wanalijua jambo hili kwa upande wao. Watu wanapokadiria umri hupenda miaka inayoishia na 0 au 5. Kwa kawaida umri unaoishia na tarakimu hizo mbili ungekuwa karibu sehemu moja ya tano ya watu wote. Ukizidi sana, wataalamu hutambua kwamba pamekuwa na makisio mengi. Kila namba moja moja ilikuwa halali. Zote kwa pamoja zinaungama kwamba hazikuwa za kweli. Hii ndiyo tofauti kati ya namba halali na namba ya kweli. Bawabu anaweza kuhakiki ya kwanza tu. Ya pili humhitaji mtu.

ADABU YA KUKATAA

Sisemi kwamba turudi kwenye karatasi. Sensa ya mwaka 1967, ya kwanza baada ya Uhuru, iliandikwa kwa mkono na kuhesabu watu zaidi ya milioni 12. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi na kuhesabu watu 61,741,120. Karatasi haiwezi kumwuliza karani kwa nini ameandika mama ana miaka 15 na mwanawe 12. Kishikwambi kinaweza kufundishwa kuuliza, tena kikauliza wakati mwenye nyumba angali ameketi mbele ya karani, si miezi mitatu baadaye katika ofisi ya mbali. Hiyo ni faida kubwa. Ninachosema ni kwamba bawabu afundishwe adabu.

Adabu ya kwanza ni kusema kosa liko wapi. Neno "Batili" peke yake halimsaidii mtu. "Namba hii ina tarakimu 19, zinatakiwa 20" linamsaidia. Adabu ya pili ni kungoja mtu amalize. Viko visanduku vinavyogeuka vyekundu mara tu mtu anapoandika tarakimu ya kwanza, mithili ya mwalimu anayemkaripia mwanafunzi kabla hajafungua kinywa. Adabu ya tatu ni kutokifuta kile mtu alichokwisha kukiandika. Kukosea kisanduku kimoja kusiwe adhabu ya kuvijaza vyote upya. Adabu ya nne, iliyo kubwa, ni kumpa mtu mlango wa kusema "sijui kwa hakika". Pawe na mahali pa kuandika kwamba mwaka ni wa kukadiria, mwezi haujulikani, siku haijulikani. Hilo haliharibu daftari. Linaliokoa, kwa kuwa atakayelisoma kesho atajua ni namba ipi ya kuegemea na ni ipi ya kushika kwa uangalifu.

Vijana wetu wengi wanasomea kazi hii, baadhi yao hapa hapa katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Kwao nina ombi moja. Kabla ya kuandika kanuni ya kisanduku chochote, nendeni mkaketi na mtu atakayekijaza. Mwulizeni anaitajaje namba ya simu, anaihesabuje saa, anaukumbukaje umri wake. Kuuliza si ujinga, na mashine haiwezi kuuliza vizuri kuliko alivyouliza aliyeitengeneza.

Nawe msomaji, una sehemu yako. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, soma kwa sauti kile mashine ilichokielewa, hasa jina na kiasi. Tarakimu ndefu zisome nne nne, mmoja akitaja na mwingine akibonyeza. Unapowaandikisha wazazi wako, nenda na maelezo yao yaliyoandikwa: msimu, tukio, ndugu aliyemtangulia na aliyemfuata, na makadirio yakishafanywa mara moja, yatumieni hayo hayo kila mahali ili namba zisigombane. Kisha maelezo hayo yatunzeni nyumbani, katika daftari la familia, kwa maneno yale yale waliyoyasema wazee wenyewe. Watoto wenu watakapouliza, wasomeeni daftari hilo kwanza, na kitambulisho baadaye.